Jua la Usenge

Mvua ya mwaka ule haikuwa na adabu. Ilifika kabla ya kutarajiwa, ikapiga mabati ya Usenge kutwa kucha, ikalainisha udongo hata mtoto angeweza kulima kwa kijiko. Lakini katika boma la akina Absalom hakuna aliyethubutu kutia mbegu ardhini isipokuwa bibi kizee mmoja. Majirani walikuwa wameshaanza kupalilia. Ng'ambo ya ua wa minyaa mahindi yao yalikuwa yamefika magotini, yakimetameta kama yanayomcheka mtu.

Sababu ilikuwa mwanamke mmoja, na mwanamke huyo alijua vizuri kwamba sababu ni yeye.

Seline alikuwa mwalimu. Alizaliwa Pap Onditi, upande wa Nyakach, akasomea ualimu, akaolewa na Dishon, fundi wa injini za meli kwenye bandari ya Kisumu. Wakakaa mjini katika nyumba ya vyumba viwili, yenye umeme na bomba la maji uani. Mwishoni mwa mwaka 1990 Dishon alishikwa na homa iliyompanda kichwani, akafa upesi, na kama ilivyo ada akaletwa kuzikwa kwao Usenge. Seline alikuja nyuma ya jeneza na sanduku moja la nguo na binti yake Rosa wa darasa la tatu, akidhani atakaa mpaka matanga yaishe. Matanga yaliisha. Yeye hakutoka.

Maana kwa watu wa pale mbegu ina foleni yake. Mama mwenye boma hutangulia kupanda. Hufuata nyumba ya mtoto wake wa kwanza, kisha ya wa pili, hivyo hivyo hadi kitinda mimba. Anayeruka foleni hujiletea chira, mkosi unaomkausha mtu mpaka nguo zinamkimbia mwilini. Aoko, mama yao marehemu Dishon na Absalom, alikuwa ameshapanda shamba lake. Zamu ikafika nyumba ya Dishon, mtoto wa kwanza, na hapo ndipo foleni ilipokwama kama mkokoteni matopeni. Mjane asiyechukuliwa na ndugu wa mumewe, awe wa tumbo moja au wa ukoo tu, hesabu yake ni kwamba kifo bado kimemkalia. Hapandi. Haingii boma la mtu. Halali nje ya nyumba ya marehemu. Na wanaomfuata kwenye foleni nao hawana budi kukaa na majembe yao begani, wakitazama mvua ikiteremka na kwenda zake ziwani bure.

Ofisi ya elimu ilimpa Seline kazi ya muda katika shule ya msingi iliyo karibu, na wazee wakakubali shingo upande, kwa kuwa shule si boma la mtu. Kila asubuhi alifuata njia ile ile bila kupinda. Muuza nyanya wa njiani alimwekea fungu lake chini kwenye majani, akarudi nyuma, ndipo Seline akaliokota. Wanawake waliomwita dada wakati wa matanga sasa walimsalimu kwa mbali huku wakishika milango yao. Shule yake ya Kisumu ilikuwa imeahidi kumwekea nafasi hadi muhula wa pili ufunguliwe, na muhula ulikuwa unakaribia. Jioni alilala akitazama paa la nyumba ya marehemu, akahisi kana kwamba na yeye alizikwa, ila tu wachimbaji walimwachia mlango.

Sasa huyo Absalom aliyetaka kumrithi Seline. Alikuwa mdogo wa Dishon, lakini pale ufukweni nani angekumbuka? Alikuwa na mashua za omena, wale dagaa wa ziwani, mashine ya kusaga, pikapu ya rangi ya damu ya mzee, na wake wawili. Mpiga nyatiti mmoja, ile ala ya nyuzi nane, alimsifu katika matanga fulani akamwita Jua la Usenge, akatuzwa vizuri sana, na tangu siku hiyo kila mpiga nyatiti alikuja na jua lake mdomoni. Ukiona mtu anagharamia kuitwa jua, ujue kuna giza linalomsumbua mahali. Absalom hakumtaka Seline kwa mapenzi, la hasha. Kilichomkera ni kwamba ndani ya boma lake kulikuwa na mtu aliyemwambia hapana na bado akaenda kazini, akarudi, akapika, akalala.

Aoko ndiye aliyetumwa kulainisha mambo. Bibi huyu alikuwa mkavu, mrefu, mpenda ugoro, na kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda kuelekea nje, hakishikani na wenzake. Kilipatwa na nini, hakuna aliyejua, na aliyeuliza alijibiwa kwa chafya. Asubuhi moja alisimama mlangoni kwa Seline akiwa ameegemea jembe, akamwita binti wa Nyakach kwa lugha yao.

"Nyar Nyakach, umeamka?"

"Nimeamka, Mama."

"Umeona mahindi ya watu?"

"Nimeyaona."

"Basi unangoja nini? Unataka tukule mawe? Dorca ako na watoto sita na hajatia hata mbegu moja." Dorca alikuwa mke mkubwa wa Absalom. "Absalom si mtu mbaya. Ako na mashua, ako na mashine. Ni kitu ya siku moja tu. Ikiisha unapanda, na sisi wote tunapanda."

"Si siku moja, Mama. Wewe unajua si siku moja."

Aoko alitazama mkono wake wa kushoto uliokuwa juu ya mpini wa jembe, akauteremsha, akaenda zake bila kuaga.

Seline alikwenda shuleni siku hiyo akiwa na hasira na huruma pamoja, na ni vigumu kusema kipi kilimchosha zaidi. Watoto wa Dorca aliwajua kwa majina. Mmoja wao, Apondi, alikuwa darasani kwake, darasa la saba, na alikuwa ameanza kuja shule bila kiamsha kinywa. Somo la siku hiyo lilikuwa jua na nyota. Mwalimu alitia mkono katika kopo la maharagwe ya kuhesabia, akatoa harage moja, akaliweka mezani.

"Hili ndilo jua," alisema.

Darasa lilicheka. "Mwalimu, jua ni kubwa kushinda vitu zote!" akapaza sauti mmoja wa nyuma.

"Nani amewaambia?"

"Tunaliona!"

"Mnaliona kwa sababu liko karibu. Haya, jioni mkiwa ufukweni, mnaona taa za wavuvi wa omena. Karabai ya mashua iliyo karibu inawamulika mpaka mnafumba macho. Na za mbali?"

"Ni tudoa-doa tu, Mwalimu."

"Je, za mbali ni ndogo?"

"Hapana! Ni karabai ile ile!"

"Na kama huko mbali kabisa kungekuwa na meli nzima ya Kisumu, imewasha taa zake zote, mngeiona vipi?"

Mmoja akasema taratibu, "Kadoa."

Mwalimu mzuri huijua sekunde hiyo darasa linapomezwa na somo, na Seline alikuwa mwalimu mzuri. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alisahau nyumba ya marehemu. Aliwaambia kwamba jua ni nyota kama nyota zingine, ila ndiyo jirani yetu. Si nyota ndogo kabisa: ziko nyingi mno zilizo ndogo kulishinda, jua likiwa harage hizo ni punje za mtama na za wimbi. Lakini si kubwa hata kidogo mbele ya wakubwa. Akawauliza kama wanakijua Kilimia, kile kifungu cha nyota kinachokaa pamoja kama omena kidogo waliosahaulika kwenye mkeka. Wote walikijua.

"Nyota kubwa ya Kilimia," alisema, "ni hii." Akainua chungwa lake la chakula cha mchana, akaliweka kando ya harage. Vicheko vikapungua. "Na kuna moja nyekundu, inatoka jioni hizi, mnaiona juu ya ziwa. Mnadhani ni ya ukubwa gani?"

"Tikiti!"

"Mtungi!"

Seline alikwenda hadi ukuta wa kushoto, akaugusa kwa kiganja. Akatembea polepole akapita madawati yote, akafika ukuta wa kulia, akaugusa. "Ni ya hapa mpaka kule. Darasa zima ndilo tumbo lake. Ingewekwa lilipo jua letu ingetumeza sote, dunia na ziwa lake, na Usenge yenu ndani."

Watoto walilitazama lile harage. Kuna walioliangalia kwa huruma. Apondi aliinua mkono.

"Lakini Mwalimu, kama inaonekana kadogo hivyo, watu walijua aje ni kubwa?"

"Mng'ao peke yake hudanganya," Seline akajibu. "Wataalamu huangalia vitu vingi. Kimojawapo ni jinsi nyota mbili zilizo jirani zinavyokwenda. Ile nzito haihangaiki sana, na ile nyepesi ndiyo inayoizunguka. Ukitaka kujua mkubwa ni nani, usitazame anayewaka. Tazama nani anampisha nani."

Alipolisema hilo akabaki mdomo wazi, chaki mkononi.

Alikuwa amekumbuka mambo ya kaburini. Siku ya kumzika Dishon, watu walipojipanga kutupa udongo, Absalom alikuwa mbele kama kawaida yake, suti nyeusi, saa inang'aa. Kisha nyuma ya umati akajitokeza mzee mfupi mwenye koti la rangi ya majivu, amechelewa, viatu vimejaa matope ya ufukweni. Na Absalom, Jua lenyewe, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akampisha mzee yule atupe udongo kwanza. Baadaye mzee alikula sahani ya mwisho peke yake pembeni, akapanda mashua, akaondoka. Seline alikuwa na machozi machoni wakati ule, aliona asione.

Kengele ililia. Alirudi nyumbani kwa njia yake ile ile isiyopinda, akitembea upesi kidogo kuliko siku zote.

Lakini habari za mtoto zina mbio kuliko miguu ya mwalimu. Alipofika, pikapu ilikuwa uani na Absalom ameegemea mlango wake, ufunguo unazunguka kidoleni.

"Mwalimu. Ati unasomesha watoto jua ni harage?"

"Ni somo, shemeji. Liko kwenye mtaala."

"Apondi amekuja ananiambia mbele ya wageni. Baba, jua ni kadogo. Wageni wamecheka." Hakuwa anapayuka, na hilo ndilo lililomtisha Seline. "Mimi nimengoja. Nimengoja kama mtu ya kanisa. Shamba zangu zimelala, wanawake wangu wananung'unika. Jumamosi jioni nakuja hii nyumba. Hutaki, barabara ya Nyakach iko wazi, enda. Lakini Rosa anabaki. Huyo ni mtoto ya boma."

"Dishon ana ndugu wengine kwenye ukoo."

Absalom alicheka, akaingia garini. "Wengine wako wapi? Asiyekuwapo na lake halipo, Mwalimu."

Seline alisimama mpaka mlio wa gari ukaisha. Aliogopa, tena aliogopa sana, na lau asingekuwa na mtoto angeshika ile barabara saa hiyo hiyo bila hata kanga. Alikuwa na mlango wazi mbele yake na hakuweza kuutumia, kwa sababu nusu yake ingebaki ndani.

Jioni Aoko alikuja kuota moto kwa Seline, kama alivyozoea mvua ikizidi. Rosa, aliyesikia somo la siku hiyo kwa watoto wakubwa njiani, alimfundisha nyanya yake upya. Aliweka harage jiweni, akaleta kibuyu badala ya chungwa, kisha akakimbia kutoka ukuta hadi ukuta akaugonga.

"Hii yote, Dani! Na jua ni hako!"

"Wewe ni mwongo kama mama yako," akasema Aoko, lakini alilichukua lile harage akaligeuza-geuza katikati ya vidole. "Na hiyo kubwa, mbona hatuioni?"

"Tunaiona. Iko mbali tu."

Seline aliona nafasi, akaishika kabla haijapita.

"Mama, yule mzee wa koti la majivu aliyekuja kuzika, ni nani?"

"Huyo ni Opiyo. Anakaa Port Victoria, kule ng'ambo. Anashona nyavu za watu."

"Mbona Absalom alimpisha?"

"Angekosa aje kumpisha? Babu yao alioa wanawake watatu. Opiyo ametoka nyumba ya kwanza. Sisi tumetoka ya tatu. Hata Opiyo akija akitambaa, Absalom atampisha."

"Kwa hiyo ni ndugu ya Dishon."

"Ni ndugu."

"Mkubwa kuliko Absalom."

Aoko alinusa ugoro wake polepole sana. Moto ulipasuka. "Opiyo ni mzee," alisema hatimaye, kama anayejisemea. "Mzee kama huyo haji kulala kwa mwanamke. Hawezi. Mzee kama huyo analeta koti tu. Koti likitundikwa, nyumba inahesabiwa ina mtu." Kisha akashtuka, akaliweka harage chini. "Lakini mimi siendi mahali. Magoti yangu haya. Na Absalom ni mtoto yangu, nimemzaa na hili tumbo."

Akachukua fimbo yake, akatoka mvuani. Seline alijiinamia, akalia bila sauti ili Rosa asijue. Yeye mwenyewe hangeweza kwenda. Mjane kama yeye akivuka lango kwenda boma la mtu, hata Opiyo angemfungia mlango.

Kesho yake, Ijumaa, nyumba ya Aoko ilikuwa imefungwa. Dorca alisema labda ameenda kanisani, ingawa kanisani Ijumaa hakuna mtu ila popo. Jumamosi ilikuja na upepo, ziwa likawa na mawimbi meupe, mashua zikakawia kuvuka. Saa nne za asubuhi vijana wawili wa Absalom walileta kiti chake, kile cha mbao chenye mikono kilichonakshiwa jua mgongoni, wakakiweka katikati ya chumba cha Seline. Kiti kimetangulia, walisema, mwenyewe anafuata. Rosa alikizunguka kama mtu anavyomzunguka mbwa asiyemjua.

Seline alipika uji, ukaungua. Alifagia palipofagiwa. Kila alipogeuka kiti kilikuwa pale, na chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyokijua. Mchana alikunja nguo za Rosa akaziweka sandukuni, akazitoa, akazikunja tena. Alijaribu kusali akakuta hana la kusema zaidi ya jina la mtoto wake.

Jua lilipoanza kuteremka akasikia fimbo uani.

Aoko aliingia amelowa hadi kiunoni, kanga imeganda mwilini, midomo ya bluu. Kwapani alikuwa na mfuko wa plastiki. Hakusalimu. Alitoa humo koti la rangi ya majivu, akalikung'uta, harufu ya samaki na moshi ikajaa chumba. Lilikuwa koti dogo, limeisha viwiko, kifungo kimoja ni cha nguo ya kike. Alitafuta msumari ukutani, msumari ambao Dishon alitundikia kofia yake, akalitundika. Kisha akavuta kile kiti cha Absalom mpaka chini ya koti, akaketi juu yake maji yakimchuruzika.

"Chai," alisema.

Absalom alipofika, amejipaka mafuta, shati jipya, alimkuta mama yake amekalia kiti chake akinywa chai. Alisimama mlangoni. Macho yalitoka kwa mama yakapanda kwenye koti, yakakaa hapo.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Wewe huoni? Ni koti."

"Hiyo takataka ya maskini..."

"Ya nani?" Aoko aliuliza. "Sema jina la mwenye koti, halafu uite takataka. Nataka nisikie."

Absalom aliinua mguu kuingia, na mguu wenyewe ukakataa, ukarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, kama siku ile kaburini.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ndiyo maana nimeileta karibu," akajibu mama yake. "Opiyo amesema hii nyumba iko chini yake. Amesema mwenye mbegu apande. Amesema mtoto afuate mama yake shuleni Kisumu, na siku ya kurudi kusalimu kaburi, warudi. Kama uko na neno, mashua ziko. Enda umwambie yeye." Akanywa chai. "Na hiki kiti utakichukua kesho. Leo nimechoka."

Seline alikuwa amesimama kwenye kona na Rosa mbele yake, mikono yake miwili juu ya mabega ya mtoto. Alitazama uso wa shemeji yake na, kwa mara ya kwanza, akamwona alivyo: mwanamume wa makamo, mnene kiasi, jasho kwenye mdomo wa juu, amechoka na yeye pia. Hakumwonea huruma, ila hofu ilikuwa imemtoka.

Jumatatu Seline alipanda. Udongo uliteremka chini ya jembe kama uliokuwa ukimngoja. Hakuwa amemaliza mstari wa pili aliposikia vigelegele, na alipoinua kichwa akamwona Dorca shambani kwake, sketi imefungwa kiunoni, anachimba mashimo kwa kasi ya mtu anayefukuzwa, watoto sita nyuma yake na mbegu viganjani. Hata mke mdogo wa Absalom alitoka. Mwenyewe Jua alishinda ufukweni siku hiyo, na aliporudi jioni akakuta mashamba yake yamepandwa, akala, akalala. Alikuwa amepata shamba bila kupata ushindi, na ninasikia omena alioshinda nao siku hiyo hawakuwa na raha.

Muhula ulikaribia kufunguliwa. Jioni ya kuamkia safari ya Kisumu mvua ilitulia, na Aoko akaja kukaa na Seline nje ya mlango, juu ya mkeka. Magharibi, juu ya ziwa, wekundu ulikuwa haujaisha. Kilimia kilikuwa chini kabisa, kinakaribia kuzama.

"Hiyo nyekundu ni gani?" Aoko aliuliza.

Seline alimwonyesha. Bibi kizee alikunja macho kwa muda mrefu.

"Kadogo," alisema.

"Kadogo, Mama."

Aoko aliutandaza mkono wake wa kushoto juu ya paja. Kile kidole kilichopinda kilielekea nje, peke yake.

"Mume wangu alipokufa, ndugu yake ndiye alinichukua. Hapa hapa, yule wa hili boma. Alikuwa na ng'ombe wengi, kila mtu alikuwa anamwogopa. Nilikataa siku tatu. Siku ya nne akanifungia mlango kwenye mkono." Hakuwa analia, alisema kama anayetaja bei ya chumvi. "Nilikaa na yeye mpaka alipokufa. Nilidhani ni yeye tu. Nilidhani mbele yake hakuna mtu."

Seline aliweka mkono wake juu ya ule mkono, juu ya kile kidole, na Aoko akauacha.

"Wakati huo baba ya Opiyo alikuwa hai," akaendelea. "Mtoto ya nyumba ya kwanza. Alikuwa anakaa pale pale Port Victoria, kwenye nyumba ile ile nimeenda kuchukua koti. Sijawahi kufika huko maisha yangu yote. Watu walikuwa wanasema ni mbali."

Akatazama ziwa.

"Nimetoka hapa ile Ijumaa asubuhi, Nyar Nyakach. Saa sita nilikuwa nimeshafika. Wamenipa uji, nimekunywa, nimepumzika, na jua lilikuwa bado liko juu. Hata si mbali."